Safari ya Kwanza Italia: Roma–Firenze–Venezia, Kusini, au Kaskazini?

Karibu kila mtu anayenionyesha ratiba yake ya kwanza ya Italia ana likizo ya usiku kumi, na karibu kila ratiba ina kosa lile lile: miji sita. Milano, Venezia, Firenze, Pisa, Roma, Napoli, utadhani anakusanya mihuri. Ramani ndiyo inayomponza. Nchi ile yenye umbo la kiatu inaonekana ndogo, treni ya mwendo kasi inatoka Milano hadi Roma kwa muda wa saa tatu hivi, basi mtu anajiuliza kwa nini asipite kote. Mimi pia nilipita kote safari ya kwanza. Ninachokikumbuka vizuri zaidi ni stesheni.

Kuhama mji kunakula nusu siku, hata treni yenyewe ikiwa ya saa moja na nusu. Saa nne asubuhi unatakiwa uwe umeshatoka chumbani. Unaburuta sanduku hadi stesheni, unasafiri, unashuka, unatafuta mtaa, unaambiwa chumba kitakuwa tayari saa tisa. Miji sita ni kuhama mara tano, yaani siku mbili na nusu zimekwenda na maji. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia tatu zenye vituo vitatu tu kila moja. Zote ni nzuri, ila haziwafai watu wale wale.

Vipimo

Nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni mwendo: unaingilia wapi, unatokea wapi, na treni zikoje. La pili ni mfuko. La tatu ni miguu na mizigo, maana Italia ni nchi ya mawe na ngazi, na wazee na watoto huliona hilo kabla yako. La nne ni sahani, pamoja na swali la halali. La tano ni tiketi za kukata mapema, kwa sababu kuna milango ambayo ukifika bila tiketi utaiangalia kwa nje tu.

Viza siihesabu, kwani ni ile ile kwa njia zote. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata akiwa mkazi wa Uingereza. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ubalozi utataka kuona utakapolala kila usiku. Vituo vitatu maana yake karatasi tatu za malazi badala ya sita, na maelezo ambayo hata wewe mwenyewe hutayasahau dirishani.

Njia ya kwanza: Roma (usiku 4), Firenze (3), Venezia (3)

*Mwendo.* Hii ndiyo njia ya wengi, na wengi hawakukosea. Roma hadi Firenze ni saa moja na nusu kwa treni ya kasi, Firenze hadi Venezia ni saa mbili na dakika chache. Stesheni ya Santa Maria Novella iko hatua chache tu kutoka kanisa kuu la Firenze, na ukitoka mlango wa Santa Lucia, stesheni ya Venezia, mfereji mkuu wa Venezia uko mbele yako, hakuna teksi ya kutafuta. Angalia tu usishuke Mestre, ambayo ni stesheni ya bara, kama hoteli yako iko visiwani. Tiketi ya ndege itafute ya kuingilia Roma na kutokea Venezia. Mashirika yanayopita Doha, Dubai au Istanbul yanatua miji yote miwili, na mara nyingi tofauti ya bei si kubwa. Ukikata ya kwenda na kurudi Roma, siku ya mwisho utailipia kwa treni ya saa nne.

*Mfuko.* Ni njia ghali, na Venezia ndiyo inayopandisha hesabu. Tiketi moja ya basi Roma ni euro 1.50 na inatumika dakika 100. Basi la majini la Venezia, vaporetto, ni euro 9.50 kwa dakika 75. Wapo wanaolala Mestre kwa bei nafuu na kuvuka kila asubuhi kwa treni ya dakika kumi na kitu. Sibishi, hesabu inakubali. Lakini Venezia nzuri ni ile ya saa moja asubuhi na ya saa nne usiku, kundi la wageni wa siku moja likiwa halijafika au limeshaondoka, na anayelala Mestre anazikosa saa hizo hizo. Bora usiku mbili kisiwani kuliko nne bara. Tangu 2024 wageni wasiolala mjini wanalipia kiingilio kwa baadhi ya siku za machipuko na kiangazi, kuanzia euro 5.

*Miguu na mizigo.* Aliyekulia Lamu hatashangaa mji usio na gari. Atashangaa kwamba hakuna hata punda. Venezia ina madaraja zaidi ya 400, na karibu yote yana ngazi za kupanda na kushuka. Mara ya kwanza nilikuja na sanduku la kilo 23, hoteli yangu ikiwa ng'ambo ya madaraja saba, na kufika la nne nilikuwa nimekwisha kuwagawia ndugu zangu nusu ya nguo zile moyoni. Kwa njia hii, beba begi unaloweza kulinyanyua kwa mkono mmoja. Firenze kinyume chake ni ndogo, unaivuka kwa miguu bila kutafuta usafiri. Roma ni kubwa, imetandikwa mawe madogo meusi yanayotafuna soli, lakini ina metro na mabasi ya kukuokoa.

*Sahani.* Roma ina mitaa ya wageni kuzunguka Piazza Vittorio, karibu na stesheni ya Termini, ambako nyama ya halali na wali wa viungo hupatikana bila kuhangaika. Mwislamu ajue kwamba carbonara na amatriciana, fahari mbili za Roma, zote zina guanciale, shavu la nguruwe. Cacio e pepe, ya jibini na pilipili manga, haina nyama. Firenze wanauza mitaani mkate uliojazwa lampredotto, ambalo ni tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa. Kwa mtu aliyezoea supu ya asubuhi, hapo atajisikia nyumbani kuliko mahali pengine popote Ulaya. Venezia kuna samaki wengi na bei zisizo na huruma. Ondoka uwanja wa San Marco kabla hujakaa kula.

*Tiketi za mapema.* Hapa ndipo njia hii inapodai nidhamu. Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo wa Roma, wanauza kwa jina na saa, na pasipoti huangaliwa mlangoni. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure, na foleni inaonyesha hivyo. Uffizi na Accademia, makumbusho ya sanaa ya Firenze, hufungwa Jumatatu, kwa hiyo ukipanga kumwona Daudi, ile sanamu ya Michelangelo, siku hiyo utamwona kwenye kadi ya posta.

Jambo moja la pembeni. Ukivuka kwenda kisiwa cha Murano, ambako mafundi wa kioo walihamishiwa mwaka 1291, utazame ushanga. Karne ya 19 shanga za Venezia zilikuwa kwenye mizigo ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, zikinunulia chakula na kulipia hongo za njia. Bibi zetu walivaa kioo cha pale bila kujua jina la mji.

*Inamfaa* anayedhani huenda hatarudi Italia tena, na mwenye hamu na sanaa na makanisa. Haimfai asiyeweza msongamano, hasa Juni hadi Agosti.

Njia ya pili: Roma (4), Napoli (3), Sorrento (3)

*Mwendo.* Roma hadi Napoli ni saa moja na dakika kumi, kuhama kwepesi kuliko kwote katika ulinganisho huu. Ukishafika Napoli, treni inabadilika tabia. Circumvesuviana, inayozunguka mlima Vesuvio kwenda Sorrento, ni gari moshi la wafanyakazi na wanafunzi: limejaa, lina joto, halina madaha, na mfuko wako uwe mbele yako. Linachukua zaidi kidogo ya saa moja. Aliyepanda daladala ya Mbagala jioni hahitaji mafunzo. Faida yake ni kwamba linapita mlangoni mwa magofu ya Pompeii, stesheni ya Pompei Scavi, hivyo mji ule unautembelea kutoka Napoli au kutoka Sorrento, utakavyo. Unaweza kuondokea uwanja wa Napoli ukipata ndege ya Istanbul, au kurudi Roma asubuhi.

*Mfuko.* Napoli ndiyo rafiki wa mfukoni kuliko mji wowote mkubwa niliotaja humu. Pizza kamili ya Margherita kwenye duka la kawaida ni kati ya euro 5 na 8, na kahawa ya kusimama kaunta ni euro moja na senti. Halafu unafika pwani na hesabu inageuka. Positano, mji wa pwani ya Amalfi, na kisiwa cha Capri ni mahali pa fungate za matajiri, na malazi yake ya Julai yanaweza kula bajeti ya Napoli nzima. Ndiyo sababu nimeweka Sorrento: inalaza kwa bei ya kuvumilika, na boti za kwenda Capri na Positano zinatoka hapo hapo gatini.

*Miguu na mizigo.* Pompeii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ni mji mzima uliofunikwa na majivu mwaka 79, wenye barabara za mawe makubwa yasiyolingana na kivuli cha kuhesabu. Nenda mlango unapofunguliwa, na kofia, na maji. Miji ya pwani ya Amalfi imening'inia kwenye jabali, kila kitu ni ngazi. Mzee mwenye magoti mabaya atafurahi zaidi kuitazama kutoka kwenye boti kuliko kuipanda. Napoli yenyewe ina vichochoro ambavyo pikipiki hupita kama uko kwao sebuleni, nguo zimeanikwa juu kutoka dirisha hadi dirisha, na sauti za watu zinaanza mapema. Wapo wanaoichukia siku ya kwanza. Mimi nilihisi Mji Mkongwe umeoana na Kariakoo.

*Sahani.* UNESCO iliingiza ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha yake ya urithi mwaka 2017, na ukila ile yenyewe, laini katikati, yenye kingo zilizoungua hapa na pale, utaelewa kwa nini wanaringa. Kwa Mwislamu, pizza ya marinara, yenye nyanya, vitunguu saumu, majani ya oregano na mafuta ya zeituni tu, haina shaka nyingi, ila vitu vya kukaanga uulize kwanza, kwa kuwa baadhi hupikwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe. Karibu na Piazza Garibaldi, mbele ya stesheni kuu, kuna migahawa ya halali.

*Tiketi za mapema.* Chache. Roma ni kama nilivyosema juu. Pompeii wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku tangu mwishoni mwa 2024, hivyo kwa siku za msimu kata mapema. Makumbusho ya akiolojia ya Napoli, ambako michoro na vyombo vingi vya Pompeii vimehifadhiwa, hufungwa Jumanne.

Angalizo la majira: boti nyingi za pwani huenda kwa utaratibu kamili kuanzia Aprili hadi Oktoba. Ukienda Januari, pwani hii ni nusu yake.

*Inamfaa* mpenda chakula, mpenda bahari na historia ya kale, na mwenye bajeti ya wastani anayejua kujizuia akifika pwani. Haimfai anayetaka kila kitu kifike kwa dakika iliyoandikwa.

Njia ya tatu: Milano (4), Verona (2), Venezia (4)

*Mwendo.* Hii ndiyo njia tulivu, na watu huipita bila kuitazama. Reli inakwenda moja kwa moja mashariki: Milano hadi Verona saa moja na robo hivi, Verona hadi Venezia karibu hivyo hivyo. Ndege za Addis Ababa zinatua Milano, na Waitaliano wengi wanaokuja Watamu, Malindi na Zanzibar hupandia Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, hivyo ukiwa na marafiki wa huko huenda ndiko walikotoka. Kutoka Milano kuna treni ya kwenda Varenna, kwenye ziwa Como, kwa saa moja na kidogo, unazunguka kwa kivuko na kurudi jioni. Kutoka Venezia, mji wa Padova ni nusu saa.

Treni hizi za mkoa, zile za kawaida zisizo za kasi, zina jambo lake. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye mashine iliyoko stesheni kabla ya kupanda. Mimi nilipanda na tiketi niliyoilipia kihalali, ila haikugongwa, nikatozwa faini mbele ya behewa zima. Maelezo yangu mazuri hayakupunguza hata senti.

*Mfuko.* Milano ni ghali kwa malazi, hasa wiki za maonyesho ya mitindo na samani, ambapo bei hupanda hadi unadhani wamekosea tarakimu. Verona inapoza. Venezia tumeshaisema.

*Miguu na mizigo.* Nyepesi kuliko zote, ukiondoa madaraja ya Venezia. Milano ni tambarare, metro yake ni nzuri, na paa la kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1386, unaweza kulifikia kwa lifti. Verona unaizunguka polepole bila kutokwa na jasho.

*Sahani.* Wali wa zafarani wa Milano, risotto, hushangaza Mswahili: anatazama mchele uliolegea na kuuliza nani ameuharibu, kisha anamaliza sahani. Huo pia hutiwa mchuzi wa nyama na mara nyingi divai, kwa hiyo uliza. Halali ipo kwa wingi upande wa via Padova na viale Monza. Venezia ikibana, Mestre kuna maduka na migahawa ya Wabangladeshi.

*Tiketi za mapema.* Moja tu inauma: Karamu ya Mwisho, mchoro wa Leonardo da Vinci, kwenye ukuta wa bwalo la watawa la Santa Maria delle Grazie. Mnaingia kundi dogo, mnakaa dakika 15, mnatolewa. Nafasi huisha wiki nyingi kabla, na Jumatatu pamefungwa.

*Inamfaa* mwenye watoto, mwenye wazazi, aliyewahi kuona Roma kwa njia nyingine, na asiyependa joto la kusini. Udhaifu wake mkubwa uko nyumbani: ukirudi, kila mtu atakuuliza kama ulimwona Papa, na utalazimika kueleza.

Ukiwa katika hali hii

Unasafiri na mama wa miaka sabini, Mkatoliki. Shauku yake itaivuta Roma, magoti yatavuta kaskazini. Ningegawanya: Roma usiku tano, ukiweka Jumatano ya mkutano wa Papa na waumini ndani yake (tiketi zake ni bure, lakini huombwa mapema), kisha treni moja hadi Padova kwa Mtakatifu Antoni, ambaye parokia zetu zimejaa jina lake. Venezia muende kwa siku moja, bila sanduku.

Fungate, na fedha si tatizo kubwa: njia ya pili kwa Mei au Septemba. Fungate na fedha ni tatizo: bado njia ya pili, ila mlale Napoli usiku nne na Sorrento mbili.

Likizo yako ni Agosti kwa sababu shule ndivyo zilivyofunga. Roma, Firenze na Napoli zitakuwa tanuri, na kuzunguka tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, wenyeji wengi hufunga maduka wakaenda baharini. Kaskazini nako kuna joto, lakini ziwa liko karibu.

Una usiku saba tu. Futa kituo kimoja katika njia yoyote uliyoipenda. Roma na Firenze zinatosha. Roma na Napoli pia.

Unatafuta halali bila kuuliza kila mlo: Roma na Milano ndiyo rahisi, Venezia na Sorrento ndiyo ngumu. Chukua chumba chenye jiko katika hizo mbili za mwisho, na samaki wako sokoni.

Unakaa Muscat au Dubai na huna siku za kupoteza: tazama kwanza ndege ya moja kwa moja inayotua mji gani siku unayoitaka, ndipo uchague njia. Kuanza na ndoto na kulazimisha ndege ndiko kunakozalisha usiku wa uwanjani.

Na kama bado roho inadai mji wa nne, uende kama mgeni wa siku moja, sanduku likibaki chumbani. Pisa ni saa moja hivi kutoka Firenze. Pompeii tumeshaiona. Verona yenyewe unaweza kuifanya hivyo ukiwa Venezia.

Mpangilio wa malipo ni huu, kwa njia zote: kwanza miadi ya viza, halafu malazi yanayoweza kufutwa bila kutozwa, kisha ndege. Viza ikishabandikwa, siku hiyo hiyo kata Colosseum au Karamu ya Mwisho, na treni za kasi, ambazo kadiri unavyochelewa ndivyo nauli inavyopanda. Treni za mkoa ziache. Bei yake ni ile ile hata ukinunua dakika kumi kabla, mradi tiketi ya karatasi uigonge.